Hoja ya Vinyunyizio vya Moto Majumbani katika Marekani

Katika mwaka wa 1874 Henry Parmelee, mwenye kiwanda cha piano mjini New Haven, jimbo la Connecticut, alipata hataza ya chombo cha kuzimia moto. Mabomba ya maji hupitishwa darini, na matundu yake huzibwa kwa vizibo vilivyoshikizwa na madini yayeyukayo upesi. Moto ukiwaka, joto huyeyusha kizibo kilicho juu yake, maji yakanyunyiza mahali hapo tu, wala hangojewi mtu wa kuyafungua. Frederick Grinnell alikiendeleza chombo hicho, na kabla ya karne ile kwisha kilikuwa kimeenea katika viwanda vya nguo.

Sababu ya kuenea kwake si ngumu kufahamika. Makampuni ya bima yalijua thamani ya kila robota na kila mtambo, nayo yalimpunguzia ada mwenye kiwanda aliyeweka vinyunyizio. Hivyo gharama ya mabomba ilimrudia yule yule aliyeilipa. Mwaka wa 1896 kiliundwa chama cha taifa cha kukinga moto, ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kuweka kipimo kimoja cha mabomba hayo.

Nyumba za kulala watu zilikaa nje ya hesabu hiyo. Mwaka wa 1973 tume ya serikali ilitoa taarifa iitwayo America Burning, ikakadiria kuwa moto uliua watu wapatao 12,000 kila mwaka, wengi wao majumbani mwao. Ndipo mwaka wa 1975 kikatolewa kipimo cha kwanza cha vinyunyizio vya nyumba ndogo. Chombo hiki, basi, kililinda nguo na piano kwa miaka 101 kabla ya kuandikiwa kanuni za chumba alalamo mtoto.

Baada ya hapo hoja ikawa ya sheria. Mwaka wa 1985 mji wa Scottsdale, Arizona, ulilazimisha vinyunyizio katika kila nyumba mpya, ukawalegezea wajenzi masharti mengine, kama upana wa barabara. Mwaka wa 2008, katika mkutano wa Minneapolis, zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura walikubali sharti hilo liingizwe katika kanuni za mfano za ujenzi wa nyumba, lianze tarehe 1 Januari, 2011.

Wajenzi walipinga kwa nguvu, na hoja zao hazikuwa za kubezwa. Walisema kwamba kila gharama iongezwayo humfungia mlango mnunuzi maskini. Kwamba king'ora cha moshi chatosha. Kwamba katika nchi za baridi maji huganda mabombani. Na kwamba wafao kwa moto hukaa zaidi katika nyumba kuukuu, ambazo sheria hiyo haizigusi. Wazimamoto walijibu kwamba king'ora humwamsha mtu lakini hakizimi moto, na mtoto mchanga au mzee asiyejiweza akiamshwa hawezi kukimbia. Tena kila nyumba kuukuu ilikuwa mpya siku moja. Uchunguzi wa mwaka ule wa 2008 ulionyesha gharama ya wastani wa dola 1.61 kwa futi moja ya mraba.

Kanuni za mfano hazina nguvu mpaka jimbo lizikubali. California ililishika sharti hilo tangu mwaka wa 2011, na Maryland vilevile ikalikubali. Pennsylvania ililipokea, kisha ikalifuta mwaka huo huo wa 2011. Majimbo mengi, Texas ikiwa mojawapo, yalikataza hata miji yake kutunga sharti jipya la namna hiyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kiwandani mali ilikuwa na daftari, na mwenye daftari alikuwa na sauti. Katika nyumba, ajengaye hakai humo, anunuaye huhesabu bei ya leo, na atakayeokolewa huenda akawa mpangaji wa miaka arobaini ijayo, ambaye hana kiti mkutanini. Hesabu ya dola kwa futi ni ya lazima, lakini haikamiliki mpaka aandikwe na huyo asiyekuwapo. Kumwandika ndiyo kazi ya sheria, kwa maana soko halimjui.