Atlasi ya Picha Mikononi mwa Mtoto wa Hanang

Atlasi nyingi za watoto zina kasoro moja inayofichwa na wingi wa rangi: kila nchi hupewa picha mbili tatu za kuitambulisha, basi. Ufaransa ni mnara, Misri ni piramidi, Tanzania ni Kilimanjaro na twiga. (Twiga huyu amebebeshwa mzigo wa taifa zima.) Mtoto huzifurahia, huzikariri, kisha hana tena la kuuliza. Makala hii inadai kwamba jiografia humnogea mtoto pale picha inapounganisha mahali na mahali, na kwamba wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ni pazuri pa kuipima hoja hiyo.

Mtindo wa picha na jina una umri mkubwa. Mwanaelimu Comenius alipochapisha Orbis Sensualium Pictus huko Nürnberg mwaka 1658, alitia namba kwenye vitu vilivyochorwa ili mtoto avioanishe na majina yake. Kwa kufundishia msamiati, njia hiyo ilifaa sana. Hata atlasi ya Kipolandi ya Aleksandra Mizielińska na Daniel Mizieliński, iliyotoka mwaka 2012 na kutafsiriwa kwa lugha nyingi, inategemea vichoro vidogo vilivyotapakaa juu ya ramani. Nakiri kwamba kuvitafuta kuna raha yake. Lakini raha hiyo huisha kichoro kikishaonekana.

Chukua ngano ya Basotu. Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilipanua kilimo cha ngano katika nyanda za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na kwingineko, hadi mashamba yakafika saba. Mchoraji wa kawaida angeweka suke moja juu ya ramani akamaliza kazi. Mwingine angevuta mstari kutoka nyanda za Saskatchewan hadi Basotu, akapanga juu yake matrekta na mashine za kuvunia, kisha pembeni akachora ng'ombe wa wafugaji Wabarbaig wakiondolewa, maana ardhi ile ilikuwa malisho yao na mgogoro wake ulifika mahakamani. Mtoto wa darasa la tano atauliza: kwa nini Kanada? Ng'ombe walikwenda wapi? Mwalimu wa Jiografia na Mazingira akipata maswali hayo mawili, kipindi kimejaa.

Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, linahitaji uangalifu zaidi. Mhadzabe, mwindaji wa bonde hilo, akiwa na upinde ni picha inayopendwa mno na wachapishaji, nayo humfanya mtoto wa Yaeda Chini ajione kama kitu cha makumbusho. Hakuna ubaya kuchora upinde. Ubaya ni kuishia hapo. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na misitu wanayoitunza imeingia katika biashara ya hewa ya ukaa, ambamo wanaotoa moshi huwalipa wanaolinda miti, na wanunuzi wake wako hata ng'ambo. Mbuyu wa Yaeda upande mmoja, bomba la moshi la kiwanda cha mbali upande wa pili, na fedha zinazosafiri kati ya pande hizo: picha hiyo ina mambo ya kubishania.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mazito kwa watoto. Watoto wa Katesh, wilayani Hanang, hata hivyo, waliyaona mazito zaidi tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80. Mvua za msimu ule zilichochewa na El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, pamoja na joto lililozidi upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Ukurasa unaoonyesha bahari hizo, mawingu na mteremko wa mlima hauchekeshi, ila humpa mtoto raha ya kuelewa, na raha hiyo haipaswi kutengwa na somo.

Kikwazo halisi ni kipimo. Kwenye ramani ya dunia ya 1:60,000,000, sentimita moja ni kilomita 600. Umbali kati ya mji wa Mbulu na Katesh unazidi milimita moja kidogo tu. Kwa hiyo atlasi ninayoitetea ianze na ramani ya Manyara yenye Hanang, Ziwa Balangida na ukingo wa Bonde la Ufa, na mistari inayotoka humo iendelee kwa rangi ileile kwenye ramani ya Afrika, kisha ya dunia, ili kidole cha mtoto kiifuate bila kupotea. Wachapishaji watasema kurasa hizo zitafaa mkoa mmoja tu. Kurasa za dunia zinaweza kuwa za wote, na kila mkoa ukachapishiwa karatasi zake chache za mwanzo.