Shimo la nini? Majina ya mashimo unayopaswa kuyajua kabla ya kumwita mchimbaji Myamba

Mpe kijana kazi ya "kuchimba shimo" Myamba uone, kitu cha kwanza atakuuliza: shimo la nini? Wala si ujuaji. Kina, upana, udongo utupwe upande gani na malipo yawe shilingi ngapi, vyote vinategemea jibu lako.

Shimo ni jina la jumla tu. Kiswahili, pamoja na Chasu kinachozungumzwa milima ya Pare, vina majina yanayobeba kazi yenyewe. Na kwenye miteremko ya wilaya ya Same, kuyachanganya kunaweza kukuharibia shamba lako, au nyumba ya jirani aliye chini yako.

Yanayochanganywa zaidi ni mfereji na mtaro. Mfereji unaleta maji, mtaro unayaondoa. Basi.

Mfereji hutoka kwenye kijito, ukazunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana hadi kwenye tangawizi, migomba au maharage. Ukiupa mteremko mkali, maji yatakimbia na kula udongo. Majirani zetu Wachaga wao huuita mfongo. Ila kuwa makini ukiongea na mtu wa Kenya: kwake mfereji ni bomba la maji, kwa hiyo mnaweza kubishana saa nzima huku kila mmoja yuko sahihi.

Mtaro wenyewe hupokea maji ya mvua kutoka barabarani au kwenye bati na kuyapeleka mahali salama. Hapo kwenye "mahali salama" ndipo wengi wanapokosea. Mtaro ulionyooka kuteremka mlima, bila mawe wala nyasi, baada ya misimu michache ya mvua unageuka korongo. Korongo halichimbwi na mtu, linachimbwa na maji, na kulifukia ni kazi kubwa kuliko kuchimba mitaro kumi.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa sana udongo unaweza kufanya nini. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, maporomoko ya udongo yalifukia nyumba kijiji cha Goha, eneo la Mamba Myamba, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Hakuna mtaro wa kuzuia mlima mzima usishuke. Lakini maji yanayoachwa yasimame nyuma ya nyumba iliyojengwa kwenye mteremko uliokatwa huongeza uzito wa udongo na kuulainisha. Kwa hiyo nyumba ya namna hiyo inahitaji mtaro upande wa juu, sio mfereji.

Sasa tuje kwenye neno ambalo ni la Pare kabisa: ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la kumwagilia. Huchimbwa kidogo, kisha huzungushiwa kingo za udongo na mawe, na siku hizi nyingine zimewekewa saruji. Wageni wakiiona huiita bwawa au lambo, na hapo wanakosea. Lambo kwa kawaida huchimbwa likinge maji ya mvua, na ng'ombe ndio wateja wake wakubwa. Ndiva hupokea maji ya mfereji, tena usiku. Jioni inafungwa, usiku inajaa, asubuhi inafunguliwa na wakulima wanamwagilia kwa zamu.

Kwa nini usiku? Kwa sababu maji ya kijito hayalali, watu ndio wanaolala. Bila ndiva maji ya usiku yangepita bure. Halafu kijito chembamba kikitiririka peke yake hunywewa na udongo njiani, hakifiki shamba la mwisho. Yakikusanywa na kuachiwa kwa pamoja, yanakwenda kwa nguvu hadi mbali. Ndiva ya Manoo kule Bangalala, wilaya hii hii ya Same, ni kati ya zinazojulikana zaidi, hata watafiti wa maji wameiandika.

Tatizo la ndiva ni tope. Kila msimu mchanga hujaa chini, na usipotolewa, nafasi ya maji inapungua. Ndiyo maana kuna msaragambo: watu wanatoka na majembe na makoleo, wanafukua. Mtu anayekula maji ya ndiva lakini haonekani kwenye msaragambo, zamu yake inaweza kurukwa. Binafsi naona ni haki.

Shambani kuna mashimo mengine. Makinga maji ni mitaro inayofuata usawa wa mlima, yaani inakata mteremko badala ya kushuka nao. Ukitupa udongo upande wa juu inaitwa fanya juu, ukitupa upande wa chini ni fanya chini. Fanya juu inachosha zaidi, lakini kadiri miaka inavyokwenda tuta hukamata udongo na shamba linakuwa na ngazi. Maneno haya mawili yalienea kutoka Kenya, na leo vitabu vya kilimo vya Kiingereza vinayaandika hivyo hivyo kwa Kiswahili.

Kule Mbinga, Ruvuma, Wamatengo wana ngoro: nyasi hulazwa shambani kwa miraba, udongo wa katikati hufukuliwa na kufunika nyasi hizo, kisha mazao hupandwa juu ya kingo. Vishimo vinavyobaki katikati hushika maji ya mvua yasikimbie. Shimo la mgomba lenyewe halina jina maalumu, ila lina masharti. Liwe sentimita 60 hadi 90 kwa upana na kina, udongo wa juu uwekwe kando na uchanganywe na samadi kabla ya kurudishwa.

Ukishuka tambarare hadi Makanya kwenye barabara kuu, utakuta machimbo ya jasi, malighafi inayotumika kwenye saruji. Machimbo huwa wazi juu, wakati mgodi mara nyingi huingia ndani ya ardhi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu Kanda ya Ziwa wao husema duara. Vijana wa mjini wameazima chimbo wakiwa na maana ya mahali pa kupata vitu kwa bei nzuri. Handaki ni la askari, limetoka Kiarabu, na Waislamu wanalikumbuka kutoka vita vya Khandaq vya mwaka 627. Kaburi kila mtu analijua, lakini si wote wanajua kwamba sehemu ya ndani anapolazwa maiti wa Kiislamu huitwa mwanandani.

Nyumbani, angalia zaidi kisima na choo. Kisima kinatafuta maji, choo cha shimo hakitakiwi kuyafikia kabisa. Umbali unaoshauriwa kati yake ni mita 30 au zaidi, na kwenye mlima choo kiwe chini ya kisima, kamwe kisiwe juu yake. Karo ni shimo la kupokea maji machafu ya bafuni au chooni. Kwa Mkenya karo ni ada ya shule, hivyo usishangae akisema karo imempandia. Tundu ni dogo, kama la panya, lakini shuleni tunahesabu matundu ya vyoo.

Choo cha shimo kikikaribia kujaa, kikibaki kama nusu mita hivi, hufukiwa kwa udongo na kuachwa. Wengine hupanda mgomba juu yake.