Kondo la Nyuma: Damu Mbili Zisizochanganyika

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu hatua baada ya hatua ndani ya tumbo la mama yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darsa za akina mama kuna swali lisilokwisha: mja mzito akiona damu, je, hiyo ni hedhi, aache swala na saumu, au ni damu ya ugonjwa, ajisafishe, atawadhe na aswali? Swali ni la fiqhi, lakini nyuma yake limesimama swali la maumbile: kuna nini baina ya mama na mtoto aliye tumboni? Tunataka kueleza jinsi wanaadamu walivyolitafuta jibu la swali hili la pili kwa muda wa zaidi ya miaka elfu mbili, kisha turudi kwenye lile la kwanza.

Kauli za mafakihi

Maulamaa wamekhitalifiana. Imamu Malik na Imamu Shafii, katika kauli yake iliyotiwa nguvu, wamesema mja mzito anaweza kupata hedhi. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) ameithibitisha kauli hiyo katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana katika madrasa za pwani yetu. Kwa hiyo, damu ikitimiza masharti ya hedhi, isipungue mchana na usiku mmoja wala kuzidi siku 15, huhesabiwa hedhi, ingawa eda ya mja mzito haimaliziki ila kwa kuzaa.

Imamu Abu Hanifa na Imamu Ahmad wamesema mja mzito hapati hedhi. Dalili yao ni hadithi ya mateka wa Awtas, ambamo Mtume (S.A.W.) alikataza kumwingilia mwenye mimba mpaka azae, na asiye na mimba mpaka apate hedhi moja. Wakasema: hedhi imefanywa kuwa alama ya kuwa tumbo la uzazi ni tupu, basi vipi ikutane na mimba?

Juu ya dalili hii iliongezwa hoja ya maumbile. Ibn Qudama (aliyefariki 620 Hijria) ameeleza katika Al-Mughni kwamba damu ya hedhi ina hekima ya kumlea mtoto: mimba ikiingia hugeuzwa kuwa chakula chake, na akizaliwa hugeuzwa kuwa maziwa.

Kutoka kwa Wayunani hadi Andalusia

Rai hiyo ya damu kugeuzwa chakula haikuanzia kwa mafakihi. Ilikuwa ndiyo elimu ya zama zile. Aristotle alisema kuwa mwili wa mtoto hutokana na damu ya mama, na waganga wa Kiyunani, Hippocrates na baadaye Galen, waliandika kuwa damu iliyokuwa ikitoka kila mwezi humlisha mtoto. Vitabu vyao vilipofasiriwa kwa Kiarabu, Waislamu walivisoma, wakavisherehesha na kuviongeza. Arib bin Said wa Cordoba, katika karne ya 4 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya kuumbwa kwa mtoto tumboni na utunzaji wa waja wazito na wachanga. Ibn Sina (aliyefariki 428 Hijria) alizieleza ngozi zinazomzunguka mtoto. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria), alipoandika Tuhfat al-Mawdud juu ya hukumu za mtoto mchanga, hakuona aibu kumtaja Hippocrates akiyapima maneno yake kwa Qur'ani na hadithi.

Wafasiri nao, walipofika kwenye aya ya 6 ya Suratu Zumar inayotaja viza vitatu, wengi wao walisema ni kiza cha tumbo, kiza cha mfuko wa uzazi na kiza cha mashima, yaani kondo na ngozi zake. Kwa hiyo kondo la nyuma lilikuwa limeshaingia katika vitabu vya dini yetu karne nyingi kabla ya hadubini.

Nta ya ndugu wawili

Huko Italia, mwaka 1559, Realdo Colombo alilipa kondo jina la Kilatini lenye maana ya mkate bapa, kwa umbo lake. Miaka mitano baadaye Arantius wa Bologna alikanusha kuwa mishipa ya mama imeungana na ya mtoto. Lakini kusema ni jambo moja, na kuonyesha ni jingine.

Jambo hili lilionyeshwa London mwaka 1754. Ndugu wawili, William na John Hunter, walichunguza mwili wa mwanamke aliyefariki akiwa na mimba iliyokaribia kuzaliwa, na mishipa yake ikiwa imejazwa nta ya rangi. Nta iliyopita katika mishipa ya mama ilijaza nafasi zilizo ndani ya kondo, lakini haikuingia katika mishipa ya mtoto. Damu ya mama inalifikia kondo na kulizunguka. Damu ya mtoto inakwenda na kurudi kwa njia ya kitovu. Baina yao kuna utando, na kupitia utando huo hewa, chakula na taka hubadilishana. Mwaka 1774 William alitoa kitabu chake kikubwa chenye michoro ya mimba. Mwaka 1780 John alidai kuwa ugunduzi ule ni wake, na ndugu wale wakafarakana. Elimu bila ikhlasi huweza kuwatenganisha hata waliozaliwa tumbo moja.

Tangu hapo ile rai ya Wayunani haikuwa na pa kusimama. Mtoto hali damu ya hedhi. Utando wa mfuko wa uzazi ambao kila mwezi hubomoka na kutoka, mimba ikiingia haubomoki, bali hubaki na kuwa tandiko la kondo.

Swali la mwaka 1953

Kufunguka kwa mlango huo kulileta swali gumu zaidi. Peter Medawar, Mwingereza ambaye baba yake alikuwa na asili ya Lebanon, alichunguza wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa nini ngozi ya mtu mmoja ikibandikwa kwa mwingine aliyeungua hukataliwa. Alithibitisha kuwa ni kinga ya mwili inayokitambua kitu kigeni na kukipiga vita. Mwaka 1953 akauliza: mtoto aliye tumboni nusu ya urithi wake ni wa baba, basi ni mgeni kwa mwili wa mama. Vipi mwili huo umvumilie miezi tisa, na hali haukivumilii hata kipande cha ngozi?

Akatoa majibu matatu ya kukisia: ama mtoto ametenganishwa na mama, ama hajakomaa kiasi cha kutambulika, ama kinga ya mama imelala. Mwaka 1960 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet kwa kazi ya uvumilivu wa kinga. Hata hivyo, katika majibu yake matatu, la kwanza tu ndilo lililosimama, na hilo kwa sehemu tu. Damu mbili hazichanganyiki, lakini chembe za kondo huingia ndani ya nyama ya mfuko wa uzazi na kukutana na chembe za kinga za mama uso kwa uso. Mtoto anatambulika. Na kinga ya mama haikulala, kwani mja mzito hupambana na maradhi kama wengine.

Iliyobainika ni kwamba kinga hiyo inafanya kazi nyingine. Katika miezi mitatu ya mwanzo, takriban asilimia 70 ya chembe nyeupe zilizo katika tandiko la kondo ni za aina moja ambayo kwa jina huitwa chembe za kuua. Lakini hapo haziui. Husaidiana na chembe za kondo kuipanua mishipa ya mama ili damu ya kutosha imfikie mtoto. Mishipa isipopanuka vizuri, huhofiwa shinikizo la damu linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba.

Mambo haya yamechunguzwa hata kwetu. Mwaka 1996 ilibainishwa, kwa uchunguzi uliofanyika Kisumu, kwamba chembe za damu zilizoingiwa na vimelea vya malaria hunata ndani ya kondo kwa njia maalumu, na baadaye ikaonekana kuwa akina mama waliokwisha kuzaa hujenga kingamwili dhidi ya mnato huo. Ndiyo maana mimba ya kwanza huwa na hatari zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Kampala na Cambridge walieleza urithi fulani wa chembe za kinga, unaopatikana kwa Waafrika, ambao huwakinga waja wazito na tatizo la shinikizo la damu.

Turudi kwenye swali letu

Mwenye insafu ataona jambo la ajabu. Hoja ya maumbile waliyoitumia waliosema mja mzito hapati hedhi imeanguka, kwani damu hiyo si chakula cha mtoto. Lakini natija yao imeafikiana na wasemavyo madaktari leo, kwamba damu ya mimba ina sababu nyingine isiyokuwa hedhi. Na natija yao haikusimama juu ya Galen, bali juu ya hadithi. Hapa tunajifunza kutofautisha baina ya dalili ya sharia na elimu ya zama inayoambatanishwa nayo. Wala tusiikimbilie kila habari ya maabara tukaibandika kwenye aya. Galen aliaminiwa zaidi ya miaka elfu moja.

Ama hukumu ya swala, kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemwamini, na sisi hatukukusudia kutoa fatwa. Tunalosisitiza ni hili: neno hedhi katika vitabu vya Shafii ni hukumu ya ibada, si cheti cha afya. Mama akiambiwa damu yake ni hedhi, asidhani ameambiwa ni mzima. Damu katika mimba yaweza kuwa ni kondo lililokaa njiani au lililobanduka kabla ya wakati, na saa chache zaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti. Basi mume, mama mkwe na mkunga wasingoje siku 15 zihesabiwe. Wampeleke hospitali siku hiyo hiyo, kisha ndipo waulize habari ya swala. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

Mwaka 1996 vilevile ilionekana kuwa chembe za mtoto huweza kubaki katika damu ya mama hata miaka 27 baada ya kuzaa. Anayemvunjia mama yake heshima na afikiri juu ya hilo.

Wallahu aalam.