Katuruka: Mnara wa Chuma Ulio Chini ya Migomba

Mitambo mizee ya umeme wa makaa ya mawe imepata heshima kubwa barani Ulaya, ambako watu huingia katika matanuri yaliyozimwa ili kuyatazama na kuyapiga picha, na mtambo wa Battersea jijini London, uliozimwa mwaka 1983, ulihifadhiwa kwa nguvu ya sheria hadi ukafunguliwa upya mwaka 2022 kwa matumizi mengine. Bukoba, mji wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, haikupata kuwa na dohani ya namna hiyo, na huenda ndiyo sababu historia yake huanzishwa mara kwa mara na mwaka 1890, Emin Pasha alipojenga kituo cha Wajerumani ufukweni mwa Ziwa Victoria, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na moto mwingine zaidi ya wa kupikia ndizi. Mwanzo huo ni wa uongo, na ushahidi wa kuukanusha umelala ardhini Katuruka, kijiji kilicho karibu na Maruku, katikati ya vibanja, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za Wahaya, wenyeji wa eneo hilo.

Wazee wa Katuruka walisimulia kwamba omukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe wa Kyamutwara, aliyetawala katika karne ya 17, aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma utakaofika mbinguni. Palikuwapo pia mti mkubwa ulioheshimiwa, ulioitwa Kaiija, jina linalofungamana na kazi ya kufua chuma. Masimulizi kama hayo yalikuwa yakiwekwa na waandishi wengi katika fungu la ngano, mpaka Peter Schmidt, mwanaakiolojia wa Kimarekani, alipofika mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukubali kuchimba pale pale wazee walipoonyesha. Chini ya udongo alikuta mabaki ya kazi ya chuma pamoja na vigae vya Urewe, vyungu vya kale vilivyopewa jina la mahali palipo magharibi mwa Kenya, na makaa yaliyopimwa umri kwa kaboni yalitoa tarehe za zaidi ya miaka 2,000. Wapo waliopinga tarehe za awali kabisa kwa hoja kwamba mti uliochomwa makaa huenda ulikuwa mzee tayari ulipokatwa, na hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo haigusi jambo lililo kubwa zaidi, kwamba ukoo wa kifalme uliofika baadaye sana ulijitwalia mahali ambapo kumbukumbu ya chuma ilikuwa imekwisha kuota mizizi, ukaifanya kumbukumbu hiyo kuwa yake.

Jinsi tanuri lenyewe lilivyofanya kazi ilionekana mwaka 1976, wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walipokubali kuirudia kazi hiyo mbele ya watafiti. Walichimba shimo wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto, wakachoma ndani yake majani ya kinamasi hadi yakawa makaa, kisha wakainua juu yake dohani fupi ya tope na vipande vya mavi ya chuma, yaani takataka ngumu zinazobaki madini yakishatolewa katika jiwe. Upepo ulisukumwa na mivukuto ya ngozi kupitia mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya moto, na mwisho wa kazi walipata bonge la chuma la kupelekwa kwa mhunzi.

Urefu wa mirija hiyo ndio uliozusha ugomvi. Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kwamba hewa ilipata joto ikiwa bado ndani ya mirija, kwamba kwa njia hiyo mababu wa Wahaya walipata chuma cha pua, yaani chuma kilichoingiwa na kaboni kikawa kigumu, miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita, na kwamba huenda ufundi huo ulizaliwa na haja ya kubana makaa baada ya misitu kukatwa kupita kiasi. Mwaka 1986 J. E. Rehder alijibu kwamba hewa haikai ndani ya mirija muda wa kutosha kupata joto la maana. Tangu hapo Wahaya wamekuwa wakitajwa ulimwenguni kama watu walioitangulia Ulaya katika mashindano ambayo wao hawakuyaitisha, na wanaowasifu pamoja na wanaowakosoa wameishia kupima nyuzi za joto, huku wakiipa nafasi ndogo ile hoja ya misitu, ambayo kwa nchi inayoendelea kupika kwa mkaa ilistahili kuwa ya kwanza.

Chuma cha bei nafuu kutoka ng'ambo kiliyazima matanuri katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Vita kati ya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979 vikapita, UKIMWI ukawaondoa wengi waliokuwa na masimulizi, tetemeko la Septemba 2016 likaangusha nyumba, na umeme ulioagizwa Uganda kwa miaka mingi sasa una mwenzake wa maporomoko ya Rusumo, mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Mti wa Kaiija hauko tena. Schmidt aliporudi Katuruka baada ya miaka mingi aliwakuta wanakijiji wakiwa na shauku yao wenyewe ya kuufufua urithi huo, nao ndio walioongoza kazi ya kupasafisha mahali hapo na kuyakusanya maneno ya wazee wachache waliobaki, wakiwemo wanawake, ambao watafiti wa kwanza hawakuwauliza vya kutosha.