Mji Ulioipa Konyagi Jina

Anayeagiza konyagi Dar es Salaam hutaja, pengine bila kujua, mji wa Cognac, Ufaransa.

Waholanzi ndio walioikuza biashara ya kileo cha mji huo katika karne ya 17. Mvinyo wa kule uliokenekwa waliuita brandewijn, yaani mvinyo uliochomwa. Hadi leo mtungi wa shaba hukeneka mara mbili. Fundi hutenga matone ya mwanzo, yenye ukali wa kuchoma pua, akangojea “moyo”, wenye kilevi cha asilimia 70 hivi. Huo ndio unaolazwa katika mapipa ya mwaloni, angalau miaka 2.

Kinachogeuka mvuke kutoka mapipani huitwa fungu la malaika. Malaika hao, hata hivyo, huacha alama: kuta za maghala ni nyeusi tititi, zimetambaliwa na kuvu anayeshiba mvuke wa pombe.