Suala la Funksheni Zilizopachikwa katika Historia ya Ufuatiliaji wa Programu za Kompyuta

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba umbo linaloonekana na muundo uliolizaa si kitu kimoja. Kiambishi si- katika kitenzi "sisomi" ni kipande kimoja kisichogawanyika, ilhali ndani yake zimo kazi mbili: ukanushi na nafsi ya kwanza umoja. Atafutaye mpaka kati ya ha- na ni- hatauona, kwani haupo tena. Aijuaye lugha ndiye anayeurejesha. Mafundi wa kompyuta nao wana tatizo la namna hiyo, na liliwachukua miongo kadhaa kulipatia ufumbuzi wa kuridhisha. Makala haya yanakusudia kueleza historia yake, yaani jinsi programu za kusakia makosa zinavyofuatilia, hatua kwa hatua, funksheni iliyokwisha kuyeyushwa ndani ya funksheni nyingine.

Istilahi chache zahitaji kufafanuliwa kwanza. Programu ya kusakia makosa itaitwa humu dibaga. Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtunzi wa programu kuwa amri za mashine. Funksheni ni sehemu ya programu iliyopewa jina na kazi maalumu, ambayo sehemu nyingine huiita zinapoihitaji. Kwa kawaida mashine inapokutana na mwito huruka hadi mahali funksheni ilipo, huitekeleza, kisha hurudi. Funksheni husemwa kuwa imepachikwa pale kompaila inapoacha kutoa amri ya kuruka na badala yake kunakili mwili wa funksheni pale pale pa mwito. Muda wa kwenda na kurudi huokolewa. Kinachopotea ni mpaka.

Wazo la kupachika ni la kale kuliko kompaila zenyewe. Kompyuta ya EDSAC ilianza kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwezi Mei 1949, na mwaka 1951 Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walichapisha kitabu juu ya namna ya kuiandalia programu. Humo walitofautisha aina mbili za programu ndogo. Ile waliyoiita funge ilikaa mahali pake, nayo iliitwa na kurudishwa kwa mbinu aliyoibuni Wheeler. Ile waliyoiita wazi iliingizwa moja kwa moja katika mfululizo wa amri, mahali ilipohitajika. Mwaka huo huo wa 1951 Gill alitoa makala juu ya uchunguzi wa makosa katika programu za EDSAC, akaeleza programu ya kukagua ambayo ilichukua kila amri, ikachapa alama yake, kisha ikaitekeleza. Huo ni miongoni mwa mifano ya awali kabisa ya kuitembeza programu hatua kwa hatua.

Kwa nini basi Gill na wenzake hawakusumbuliwa na programu ndogo za wazi? Kwa sababu aliyezipachika alikuwa binadamu. Mtunzi aliingiza amri kwa mkono wake, hivyo alipoona alama zikichapwa alizitambua: zilikuwa maandishi yake mwenyewe. Tatizo lilizaliwa pale kazi hiyo ilipohamia kwa kompaila. John Backus na wenzake wa IBM, waliotoa FORTRAN mwaka 1957, walikiri baadaye kwamba nyakati nyingine amri zilizotolewa na kompaila yao ziliwashangaza wao wenyewe walioijenga. Tangu hapo kukawa na matini mbili, ya mtu na ya mashine, na hakuna aliyeahidi kwamba zingelingana mstari kwa mstari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jambo hili lilitoka pembezoni likaingia katika kazi za kila siku. Bjarne Stroustrup, katika maabara za Bell, alikuwa akiitengeneza lugha ambayo ingekuja kuitwa C++. Lugha hiyo ilimtaka mtunzi afiche data zake nyuma ya funksheni ndogo ndogo, nyingine za mstari mmoja tu. Iwapo kila moja ingegharimu safari ya kwenda na kurudi, watu wangeziepuka. Kwa hiyo Stroustrup aliweka njia ya kuomba funksheni ipachikwe. Mtindo mzuri wa utunzi ulitegemea kupachika, na kupachika kulimpofusha anayesaka makosa.

Wataalamu wa chuo kikuu waliliona hilo mapema. Mwaka 1982 John Hennessy wa Stanford alichapisha makala juu ya kusaka makosa katika programu zilizoboreshwa na kompaila, akionyesha kwamba dibaga yaweza kumtajia mtumiaji thamani ambayo kwa mujibu wa maandishi yake haikupasa kuwapo wakati ule. Polle Zellweger, katika tasnifu yake ya Berkeley ya mwaka 1984, aliyoitekeleza katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, alikwenda mbele zaidi. Alishughulikia hali mbili zinazopingana: kupachika, ambako mstari mmoja wa matini huzaa nakala nyingi za amri, na kuunganisha mikia, ambako mistari kadhaa inayofanana hulazimishwa kushiriki amri zile zile. Aidha alitofautisha tabia mbili za dibaga. Ya kwanza humwonyesha mtumiaji kile ambacho angekitarajia kama programu isingeboreshwa. Ya pili humwambia ukweli, hata kama ukweli huo ni kwamba jibu halipatikani. Tofauti hiyo ndiyo mchango wake unaodumu, maana kila dibaga iliyofuata imelazimika kuchagua, amri kwa amri, itumie tabia ipi.

Watumiaji wengi, hata hivyo, walikwepa mtihani kwa kuiambia kompaila isiboreshe chochote wakati wa kusaka makosa. Ni njia rahisi, lakini ina kasoro kubwa: programu inayochunguzwa siyo ile inayopelekwa kwa wenye kuitumia. Yako makosa, hasa yale ya kutumia nafasi ya kumbukumbu ambayo haijapewa thamani, ambayo hujitokeza katika umbo lililoboreshwa na kutoweka katika umbo lisiloboreshwa. Mtu huyo ni sawa na mganga anayempima ndugu wa mgonjwa.

Ili dibaga iweze kurejesha mipaka iliyofutwa, yahitaji ushahidi. Hapa wasomaji wa Lubumbashi wanao mfano wa karibu. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani, alitoa historia ya mji huu kwa Kiswahili cha wenyeji wake, inayojulikana kwa jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville. Matini hiyo ilipigwa taipu bila kufuata kanuni thabiti za kutenga maneno. Johannes Fabian alipoiandalia toleo lililochapishwa mwaka 1990, alisaidiwa na Kalundi Mango, ambaye aliisoma kwa sauti. Sikio la mwenye lugha lilirudisha mipaka ambayo karatasi haikuihifadhi. Mashine haina sikio hilo. Amri za funksheni iliyopachikwa hazina lafudhi wala mkazo wa kuzitofautisha na amri za jirani zake. Kompaila isipoacha maelezo wakati wa kupachika, hakuna wa kuyarejesha baadaye.

Maelezo hayo huandikwa kwa utaratibu maalumu uitwao DWARF, ulioanzia katika mazingira ya Unix mwishoni mwa miaka ya 1980. Toleo la pili la mwaka 1993 liliweza kueleza kwamba eneo fulani la amri ni nakala ya funksheni fulani. Toleo la tatu la mwaka 2005 liliongeza jambo linaloonekana dogo: jina la faili na namba ya mstari ambapo mwito uliandikwa. Bila namba hiyo dibaga ingejua kwamba mashine imo ndani ya nakala, lakini isingeweza kusema imeingia kupitia mlango upi.

Kuwapo kwa ushahidi si sawa na kutumika kwake. GDB, dibaga iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, iliendelea kwa miaka mingi bila kuzishughulikia funksheni zilizopachikwa. Mtumiaji alipoomba kuuvuka mstari mmoja, alijikuta katika faili nyingine; alipouliza ameitwa na nani, jina la funksheni aliyokuwa akiitazama halikuwamo katika orodha. Ni toleo la 7.0, la Oktoba 2009, lililozitambua funksheni hizo katika orodha ya miito na katika amri za kutembea. LLDB, iliyotolewa hadharani na Apple mwaka 2010, inazishughulikia kwa namna inayokaribiana.

Ufumbuzi wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Tuseme mstari wa 40 wa programu unaita funksheni iitwayo "uzito", ambayo mwili wake umeandikwa katika mstari wa 12, na kompaila imeipachika. Amri ya kwanza ya mwili huo yaweza kuwa ndiyo amri ya kwanza ya mstari wa 40, kwa kuwa amri ya kuruka haipo tena. Mashine ikisimama hapo, iko wapi? Iko katika mstari wa 40, haijaingia. Na iko katika mstari wa 12, imekwisha kuingia. Ni ile si- ya "sisomi": anwani moja, nafasi mbili.

Dibaga hujibu kwa kuanza na nafasi ya nje. Humwonyesha mtumiaji mstari wa 40, kana kwamba mwito bado haujafanyika. Akitoa amri ya kuingia, dibaga haiitekelezi hata amri moja ya mashine. Huongeza tu fremu moja ya kubuni juu ya rundo la miito, kisha hutangaza kwamba sasa yuko mstari wa 12 ndani ya "uzito". Mtumiaji amepiga hatua na mashine haikusogea. Akitoa amri ya kupita badala ya kuingia, dibaga huisukuma mashine mpaka itoke katika anwani zote zilizoandikwa kuwa za nakala ile. Anwani hizo huenda zisiwe mfululizo mmoja: kompaila hupenda kuzichanganya amri za mstari wa 12 na za mstari wa 41 ili mashine isikae bure, na ndiyo maana mshale wa dibaga huonekana ukirukaruka mbele na nyuma. Tangu mwaka 2018 kompaila ya GCC, katika toleo lake la 8, huweka alama za kuonyesha mahali kila kauli inapoanzia, ili mruko huo upungue.

Jina moja la funksheni laweza pia kuwa na makazi mengi. Mtumiaji akiiambia GDB isimame kila "uzito" inapoanza, nayo imepachikwa mahali saba, ombi lake moja hugawanywa kuwa vituo saba, vyenye namba kuu moja na namba ndogo tofauti. Katika jambo hili dibaga imeegemea upande wa matarajio bila kupoteza ukweli.

Amri ya kumaliza ndiyo inayobaki na upungufu. Katika funksheni ya kawaida, dibaga husoma anwani ya kurudia, huweka kizuizi hapo, na programu inapofika huchukua thamani iliyorudishwa kutoka mahali panapojulikana kwa mkataba wa mashine. Funksheni iliyopachikwa haina anwani ya kurudia, wala haifungwi na mkataba huo: tokeo lake huenda limekwisha kuchanganywa na hesabu inayofuata. GDB humfikisha mtumiaji katika mstari wa 40, lakini thamani ya "uzito" haimtajii. Anayeihitaji hana budi kusonga mbele hadi tokeo lihifadhiwe katika kigeu chenye jina, kisha akiulize kigeu hicho, na huenda akajibiwa kwamba nacho kimeondolewa na kompaila.