Afisa lishe wa wilaya yako: amesomea nini, na umuulize nini

Mama au mlezi, huenda umewahi kuambiwa kliniki, "Mpeleke mtoto kwa afisa lishe." Wengi wakisikia hivyo hudhani wanapelekwa kusemwa. Wengine hudhani ni mtu wa kugawa unga, na wasipoona unga hawarudi tena. Hapa tunaeleza afisa lishe ni nani, alijifunza nini chuoni, na wewe unayeishi Geita, Kahama, Kishapu au kwenye kijiji cha wachimbaji unaweza kupata nini kwake. Chini kuna maelezo kwa mzazi ambaye mtoto wake anataka kusomea kazi hiyo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Utafiti wa taifa wa afya ya mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mkoa wa Geita ulikuwa juu zaidi, karibu watoto 4 kati ya 10. Shinyanga ilikuwa chini kidogo ya wastani wa taifa, lakini hao bado ni watoto wengi.

Kudumaa ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni na magonjwa ya mara kwa mara. Hakuonekani kwa macho kirahisi. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, na anaweza hata kuwa na mashavu. Ndiyo maana nyumbani tunasema "ukoo wetu ni wafupi" na kuishia hapo. Shida ni kwamba wakati mwili unashindwa kurefuka, ubongo nao unakosa vya kujijengea. Kazi hiyo ya ujenzi hufanyika zaidi tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka 2. Baada ya hapo kurudisha kilichopotea ni vigumu sana.

Wala usidhani tatizo ni njaa tu. Katika utafiti huohuo, mkoa ulioongoza kwa udumavu ulikuwa Iringa, ambako mahindi yanajaa maghalani. Kwetu pia chakula kipo: dagaa wa Ziwa Victoria, mchele wa Kahama, viazi, choroko, karanga, maziwa. Swali ni kipi kati ya hivyo kinafika kwenye bakuli la mtoto wa miezi 8, na mara ngapi kwa siku.

Afisa lishe amesoma nini

Muuguzi kama mimi hufundishwa lishe kama somo moja kati ya mengi. Afisa lishe ameisoma kwa miaka. Wengi wao wametoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambacho kina shahada ya lishe ya binadamu ya miaka 3. Watu hushangaa kwamba lishe inafundishwa kwenye chuo cha kilimo, lakini mimi naona ni sawa kabisa, maana chakula kinaanzia shambani.

Chuoni anajifunza jinsi mwili unavyosaga na kutumia chakula, mahitaji ya mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mzee, na chakula cha mgonjwa wa kisukari, figo au anayetumia dawa za VVU. Anajifunza jinsi chakula kinavyoharibika na kuhifadhiwa, na jinsi ya kumpima mtoto urefu kwenye ubao na kusoma kipimo hicho bila kubahatisha. Anafundishwa pia kukaa na watu na kuwasikiliza kabla ya kushauri. Huko wilayani ndiye anayepanga matone ya vitamini A, anayewafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na anayefuatilia fedha za lishe. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Una haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji fedha hiyo imefanya nini.

Ila maafisa hawa ni wachache na vijiji ni vingi, kwa hiyo usisubiri akufikie mlangoni. Muulize muuguzi wa zahanati siku atakayokuja, au nenda Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila baada ya miezi 3.

Muulize kuhusu unga wa lishe

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Mama anachanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga, anasaga pamoja, anaamini kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndivyo uji unavyokuwa na nguvu. Wataalamu wa lishe wamelisemea sana jambo hili. Mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama vyote ni nafaka, ni kundi moja. Kuchanganya nafaka tano ni kama kununua jembe tano wakati huna mbegu. Nafaka moja inatosha.

Karanga na soya zikisagwa pamoja na nafaka huleta shida nyingine. Soya inahitaji kuiva muda mrefu kuliko unga wa mahindi, na ikibaki mbichi humsumbua mtoto tumbo. Karanga zina mafuta, hivyo unga unachacha mapema. Na karanga au mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Chagua punje nzuri kwa mkono, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, wala usizifanye za kuku.

Kwa hiyo pika uji mzito wa nafaka moja, usiomwagika kwenye kijiko. Ukikaribia kuiva, tia karanga zilizokaangwa na kusagwa mbali, au maziwa, au kijiko cha dagaa waliooshwa, kukaushwa vizuri na kusagwa. Mpe kipande cha papai au embe pembeni. Akizoea, mwachie uji na umpe chakula cha familia kilichopondwa: viazi na choroko, wali na maharage, ugali laini na mlenda wenye karanga. Michembe na matobolwa ni chakula chetu kizuri cha kiangazi, lakini vyenyewe ni wanga. Visipewe mtoto peke yake siku nzima. Ukipata mbegu ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, panda. Vina vitamini A ambayo viazi vyeupe havina.

Mwongozo wa taifa wa sasa unataja makundi 6 ya chakula: nafaka, mizizi na ndizi, kunde, karanga na mbegu, nyama, samaki, mayai na maziwa, mboga, matunda, na mafuta. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku, wa miezi 9 na kuendelea mara 3 hadi 4, na asusa katikati. Kunyonya kunaendelea hadi miaka 2 au zaidi.

Kama unafanya kazi machimboni

Mama anayeponda mawe au kuchekecha anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka 9 na chupa ya uji mwepesi. Mwambie afisa lishe hali yako ilivyo, usimfiche, maana ushauri wa mama aliyeko nyumbani hautakufaa.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kamua maziwa kabla ya kutoka, yaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali pa kivuli. Kwa joto la kwetu yasizidi muda wa saa 4. Apewe kwa kikombe kidogo, si chupa ya chuchu, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Kama una mtu wa kukuletea mtoto, anyonyee mbali na vumbi na mbali na mahali pa kuchomea dhahabu. Nawa mikono na matiti, badili nguo ya juu, kisha nyonyesha. Ukirudi jioni, nyonyesha usiku kadiri anavyotaka.

Zebaki inastahili kusemwa wazi. Inapochomwa ili dhahabu ibaki, inageuka moshi usioonekana, unaoingia mapafuni na kwenye damu ya mama, na kwa mjamzito unafika kwa mtoto tumboni. Huharibu ubongo unaokua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, lakini kwenye makarasha mengi bado inatumika kila siku. Isichomwe ndani ya nyumba wala kwenye sufuria ya kupikia, hata mara moja. Mjamzito na watoto wasiikaribie. Nguo za kazini zifuliwe mbali na za mtoto. Watu husema kunywa maziwa kunasafisha sumu hiyo. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi zebaki mwilini. Na usiache kunyonyesha kwa hofu. Punguza kukaa karibu na zebaki, endelea kunyonyesha, na mweleze muuguzi kazi unayofanya.

Kuna pia suala la udongo. Wajawazito wengi hula pemba au udongo wa kichuguu. Utafiti uliofanywa kwenye vijiji vya uchimbaji mkoani Geita na kuchapishwa 2014 ulikuta aseniki katika aina zote mbili, na zebaki katika ule wa kichuguu. Hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Sema kliniki bila aibu, upimwe damu, na umeze vidonge vya madini chuma na foliki unavyopewa. Usivimeze pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia madini chuma kuingia mwilini.

Utepe wa mkono na chakula dawa

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa mkono wa kushoto kwa utepe wa rangi. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Njano, 11.5 hadi chini ya 12.5, ni utapiamlo wa kadiri. Bonyeza pia nyayo zake zote mbili kwa vidole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki, miguu imevimba, na hapo usisubiri utepe wala kesho.

Mwenye utapiamlo mkali asiye na matatizo mengine hupewa chakula dawa, ile pakiti ya karanga, maziwa, mafuta na vitamini. Ni tiba kama vidonge. Najua nyumba yenye watoto watano inavyokuwa, na ile pakiti ni tamu, lakini ikigawanywa mgonjwa hapati dozi yake na atarudi kwenye nyekundu. Asiyetaka kula kabisa, anayetapika kila kitu, mwenye homa kali au aliyelegea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kama mtoto wako anataka kusomea lishe

Anahitaji kufaulu sayansi, hasa Baiolojia na Kemia, kuanzia sekondari ya chini. Kidato cha tano na sita wengi hupitia tahasusi, au kombi kama wanavyoiita, za PCB, CBG au CBN, ambayo ina somo la lishe lenyewe. Sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo asome mwongozo wa TCU wa mwaka husika, si wa kaka yake. Mbali na Sokoine, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina shahada ya chakula na lishe, inayomfaa mtu mwenye kazi au mtoto mdogo. Mkopo huombwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Cheti cha kuzaliwa ndicho huwakwamisha wengi, basi kishughulikieni RITA mapema, si wiki ya mwisho ya maombi.

Akihitimu anaweza kuajiriwa na halmashauri, hospitali, mashirika au viwanda vya chakula. Ajira hazitoki kila mwaka na wanaoomba ni wengi. Ajue hilo kabla ya kuanza.

Shinyanga imetajwa kwa miaka mingi kati ya mikoa yenye ndoa nyingi za utotoni. Msichana wa miaka 16 akibeba mimba, mwili wake bado unakua, na yeye na mtoto wanagombania chakula kilekile. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo na kuanza safari ya kudumaa kabla hajaonja uji. Kumbakiza binti shuleni ni lishe ya mjukuu wako. Na kama tayari amezaa, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu arudi shuleni. Nenda na kadi yake ya kliniki na ya mtoto kwa mwalimu mkuu, na ukikataliwa, nenda kwa afisa elimu kata.